Mto Tunaoujua Ukiwa Umetulia

Fukayosi iko kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata, Ruvu ukiwa kusini yake na Wami kaskazini. Mito hiyo haikukosa waandishi. Stanley aliuvuka Ruvu mwaka 1871 akitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, na wageni wa zama hizo waliuita Kingani. Walichojali zaidi ni kama mto unavukika na kama chombo kinaweza kuupanda. Upimaji rasmi uliofuata nao ulijengwa juu ya kimo: ubao wenye alama husimikwa ukingoni, msomaji huandika maji yamefika wapi, kisha kimo hicho hugeuzwa kwa jedwali kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Hoja yangu ni kwamba kwa njia hiyo tumeandika historia ya kimo cha maji zaidi ya historia ya mwendo wake, ndiyo maana mito hii tunaijua vizuri ikitulia na vibaya ikifurika.

Jedwali lenyewe halizuki tu. Lazima mtu ashushe kifaa cha kupimia kasi kutoka darajani au kwenye mtumbwi, tena kwa vimo mbalimbali. Siku ya mafuriko, magogo yanapopita na kingo zimemezwa, nani atashusha? Basi sehemu ya juu ya jedwali huvutwa kwa makisio. Isitoshe, sakafu ya mchanga huhama, na karibu na mlango wa mto bamvua huyazuia maji yasitoke: ubao unasoma juu, kumbe mto karibu umesimama. Atatokea wa kusema kwamba kilio chetu ni ukame, si mafuriko. Mgao wa maji wa Dar es Salaam mwishoni mwa 2022 ulitokana na Ruvu kupungua, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inategemea mto huohuo. Ni kweli. Lakini dawa iliyochaguliwa ni bwawa la Kidunda, na bwawa huishi kwa maji ya masika. Asiyejua mafuriko yanaleta kiasi gani hawezi kujua kiangazi atagawa nini.

Njia ya kupima mwendo bila kugusa maji ina umri wake. Mwaka 1904 Ludwig Prandtl, Mjerumani, alinyunyiza chembe za ulanga katika mfereji wa maji ili mikondo ionekane. Kufikia miaka ya 1980 maabara zilikuwa zikimulika chembe kwa leza na kupiga picha mbili kwa kufuatana upesi: picha hukatwa vipande vidogo, hesabu hutafuta kila kundi la chembe limehamia wapi, na umbali ukigawanywa kwa muda hupatikana kasi. Mwaka 1998 Ichiro Fujita na wenzake walichapisha namna ya kuitumia njia hiyo kwenye mito, ambako povu na majani hushika nafasi ya chembe. Siku hizi kuna programu huria za kazi hiyo, na mto Ngwerere wa Lusaka, Zambia, umo katika mifano yake. (Mvuvi anayetazama povu kabla ya kutupa wavu hufanya nusu ya kazi hiyo, ila haandiki.)

Wapinzani wa njia hii wana hoja nzito. Kamera huona uso tu. Kasi ya wastani hadi chini hukadiriwa kwa kuzidisha ya juu kwa takriban 0.85, na upepo waweza kuuhadaa uso huo. Usiku haioni bila taa. Sakafu ikihama, hesabu ya ujazo huharibika hata kasi ikiwa sahihi. Yote nayakubali, lakini kosa la sakafu ubao nao unalo, tena bila kuonyesha mwendo wowote, na maji ya mafuriko yaliyojaa takataka ndiyo kamera huyasoma vyema. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu isiung'oe ubao. Ifunge kamera darajani, ipime sakafu upya kila baada ya masika, na iziweke wazi picha zake kwa watafiti.