Moshi wa Bibi: Musoma ilivyopambana na mbu kabla ya chandarua

Jioni pale Musoma, ukiangalia ziwani, kuna siku unaona wingu jeusi limesimama juu ya maji kama moshi wa kiwanda. Siyo moshi, ni wadudu, mamilioni kwa mamilioni. Wakifika nchi kavu wanajaa kwenye taa mpaka watu wanazima. Wanakera, ila hao hawaumi. Anayeua ni yule mdogo anayekuja kimya kimya usiku wa manane.

Zamani, kabla ya feni na dawa za kupuliza, vita na huyu wa pili ilikuwa kazi ya akina bibi. Jua likizama, moto uliwekewa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka au majani ya kivumbasi, na baadaye mwarobaini, mti uliotoka India. Macho yanatoa machozi, watoto wanakohoa, lakini na mbu wanakimbia. Hakuna aliyeandika majina ya bibi hao.

Kabla hujasema ni mambo ya kizamani, sikia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Mbita na Kisiwa cha Rusinga, Kenya, ziwa hilohilo, waliyapima majani haya. Mmea wa jamii ya kivumbasi uliooteshwa kwenye chungu tu, bila kuchomwa, ulipunguza mbu kwa karibu 40%. Majani ya mkaratusi wenye harufu ya limau yalifika karibu robo tatu, na siri yake ni kuyapasha moto bila kuyaunguza. Harufu ndiyo dawa, siyo wingi wa moshi.

Tatizo lilikuwa saa. Mbu wa malaria hupenda kuuma usiku mkubwa, watu wakiwa hoi usingizini, na saa hiyo moto wa bibi umeshazimika zamani.

Japani walikwama palepale. Ueyama Eiichiro alitengeneza vijiti vya ua la pareto, vikawa vinaisha chini ya saa moja. Inasimuliwa kuwa mwaka 1895 mkewe, Yuki, ndiye aliyesema vizungushwe kama nyoka aliyejikunja. Ndiyo ile dawa ya mbu ya kuwasha unayonunua dukani.

Pareto hiyohiyo inalimwa Iringa na Mbeya. Wanasayansi wa Uingereza waliiga sumu yake, na mwaka 1973 wakapata permethrin, moja ya dawa zilizokuja kutiwa kwenye vyandarua. Mwaka 2004 Hati Punguzo ilipoanza kuwapunguzia wajawazito wa Tanzania bei ya chandarua, kilichoingia kitandani ni mjukuu wa ua. Tena hakikohozeshi mtoto na hakizimiki saa sita.

Ila chandarua kinalinda kitanda tu. Saa mbili usiku, watu wako uani na ugali na sato, mbu wa jioni wameshafika. Hapo kivumbasi cha mlangoni bado kiko kazini.