Mianzi na mimea ya sitara kwa uani mwembamba: tazama mzizi kabla ya jani

Zamani sitara ya uani haikuwa na mjadala. Watu walisuka makuti ya kumba, wakayafunga kwenye fito, na ua ukasimama. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale, Mombasa, zilimaliza jambo hilo kwa kuta ndefu na kiwanda cha ndani. Leo mambo yamebadilika. Kiwanja cha Kisauni au Likoni kina ghorofa upande huu na ghorofa upande ule, na dirisha la jirani latazama pale pale mama anapoanika nguo. Kati ya nyumba na ukuta imebaki mita moja, pengine moja na nusu. Kuongeza ukuta ni gharama, na ukuta mrefu huzuia upepo. Ndiyo maana wengi huenda kwenye vitalu vya miche kuulizia mianzi.

Mianzi yafaa, lakini si kila mwanzi. Penye nafasi finyu, mmea huchaguliwa kwa mzizi wake. Jani hukupa sitara, lakini mzizi ndio unaopasua ukuta, unaoingia kwenye tangi la maji taka, na unaowafikisha majirani wawili kwa mzee wa mtaa.

Mianzi ya aina mbili

Aina ya kwanza hutambaa. Shina lake la chini ya ardhi husafiri kwa upana, na chipukizi huweza kutoka mita kadhaa mbali na mama yake: katikati ya kabro, au upande wa pili wa ukuta. Jamii ya Phyllostachys ni ya namna hii. Kuitambua si kazi ngumu. Shika mwanzi juu kidogo ya fundo lenye matawi. Ukigusa kijimfereji kinachopanda hadi fundo linalofuata, huo ni wa kutambaa. Uache.

Aina ya pili hukaa kichaka kimoja. Chipukizi hutoka karibu na mama, na kichaka hupanuka polepole. Hii ndiyo ya uani, lakini hata humo pana makubwa na madogo. Mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani, Bambusa vulgaris, hupendeza macho, ila hufika mita 10 na zaidi, na kichaka chake huhitaji shamba. Kwa nafasi ya mita moja, ulizia Bambusa multiplex: mianzi yake ni myembamba kama kidole, majani huanza chini, na urefu wake kwa kawaida ni mita 3 hadi 7.

Mwanzi wa asili wa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya usiuhangaikie. Huo umezoea baridi ya nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Kupanda

Panda masika yanapoanza, ili mche ushike kabla ya jua la kaskazi. Chimba futi mbili kutoka ukutani na acha kama mita moja kati ya mche na mche. Usipande juu ya tangi la maji taka wala kando ya shimo la choo. Sehemu nyingi za mwambao zina udongo mchache juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo ongeza samadi iliyooza vizuri, kisha funika juu kwa majani makavu.

Penye sakafu ya saruji, kata pipa la lita 200 nusu kwa nusu, litoboe chini na uliinue juu ya matofali. Mwanzi wa kwenye pipa hukauka haraka, hivyo wakati wa kiangazi utake maji karibu kila siku. Baada ya miaka miwili au mitatu utajaa. Utoe, uugawe, upande upya.

Kisima cha maji ya chumvi ni adui yake. Ncha za majani zikigeuka kahawia, kwanza tazama maji unayomwagilia.

Kutunza

Mwanzi hutoka ardhini na unene wake wote, na hauongezeki tena. Mche mdogo hutoa mianzi membamba, na ile ya mwaka unaofuata huwa minene na mirefu zaidi. Sitara kamili huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Kila mwaka ondoa mianzi mizee ili upepo upite. Kata juu tu ya fundo. Ukiacha kikombe juu ya kisiki, mvua itakijaza na mbu watazaa humo. Mombasa imeshapata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo ule wa 2013, na mbu wake hawahitaji zaidi ya maji ya kikombe.

Mimea mingine

Mhina hustahimili ukame na hukubali kukatwa uwe ua mnene. Zaidi ya sitara, una faida yake siku ya harusi.

Asumini na bogenvilia hufaa penye nafasi finyu kabisa. Funga waya au fito ukutani, mmea upande juu. Asumini hunukia jioni. Bogenvilia hustahimili upepo wa bahari, ila ina miiba. Iweke mbali na njia ya watoto.

Ashoki, ule mti mwembamba wenye majani yaliyoinama, husimama kama nguzo. Ukate kilele mapema, la sivyo utapita paa.

Ya kuepukwa: fikasi, kwa sababu mizizi yake huinua sakafu na kuvamia mabomba, mwarobaini, ambao ni mti wa kivuli cha barazani na si wa kichochoro, mnyaa, ambao utomvu wake huunguza macho, na oleanda, ambayo ni sumu kwa mtoto na kwa mbuzi.

Kabla ya kuchimba

Mbishie hodi jirani. Mwonyeshe utakapopanda, mwambie ni mmea gani, na kubalianeni nani atakata matawi yatakayovuka na nani atafagia majani yatakayoanguka kwenye mfereji wa paa lake. Mazungumzo hayo ni ya dakika kumi. Huenda naye alikuwa akitafuta njia ya kufunika dirisha lilelile, na mkagawana bei ya miche.