Jamhuri Dei mbali na nyumbani

Desemba 12 ni sikukuu ya taifa nchini Kenya, kwa uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Tarasaa, katika Kaunti ya Tana River, ofisi za serikali hufungwa; mzaliwa wa huko aliyeajiriwa Dubai huamkia kazini, maana wenyeji wake wamekwisha kuadhimisha yao Desemba 2. Sherehe ya Wakenya hungoja siku ya mapumziko.

Waliochukua uraia wa kigeni walikuwa na uzito mwingine: kabla ya Katiba ya 2010 walipoteza ule wa Kenya, wakaienzi siku ya nchi isiyowahesabu tena kuwa wake. Kifungu cha 16 kiliwaondolea raia wa kuzaliwa sharti hilo. Waliokwisha kuupoteza huurejesha kwa maombi, chini ya Kifungu cha 14.