Mbwa na Mbwa Mwitu: Urithi Uliokwenda na Kurudi

Katika Kiswahili jina la mbwa mwitu limebebeshwa wanyama wawili: yule wa mbuga za Afrika, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, na yule wa nchi za baridi aliyeingia katika lugha kwa njia ya tafsiri, hasa ya Biblia. Kwa nasaba, jina hilo lamstahili mgeni kuliko mwenyeji. Wa Afrika hazai na mbwa wa kufugwa. Wa kaskazini huzaa naye, na watoto wao huzaa pia.

Linnaeus, mwaka 1758, aliwatenga mbwa na mbwa mwitu kuwa namna mbili. Darwin, mwaka 1868, alidhani mbwa wametokana na wanyama wa mwitu wa namna kadha wa kadha. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa asili yao ni mbwa mwitu wa kijivu.

Lakini urithi huo haukwenda upande mmoja tu. Mwaka 2009 wataalamu walieleza weusi wa baadhi ya mbwa mwitu wa Amerika ya Kaskazini: jeni moja imepungukiwa na herufi tatu, na upungufu huo ulitoka kwa mbwa wa kufugwa, yamkini wale wa wenyeji wa kale wa bara hilo. Katika misitu ya Kanada weusi walikuwa 62 kwa 100. Katika nyika za barafu, 7 tu. Wala weusi huo si pambo, kwani jeni yenyewe ina kazi ya kuukinga mwili. Huko Yellowstone, ambako mbwa mwitu walikwisha kuangamizwa kufikia 1926 wakarudishwa mwaka 1995 na 1996, karibu nusu yao ni weusi, na weusi huelekea zaidi kuokoka maradhi ya distempa. Walakini arithiye weusi kwa baba na kwa mama pia hudhoofika. Basi wasemao kwamba damu ya mbwa humharibu tu mnyama wa mwitu wamehukumu kwa haraka.

Udogo wa mbwa nao ulidhaniwa kuwa kazi ya wafugaji; mwaka 2022 jeni yake ilipatikana katika mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita.

Mwaka 2015 ilibainika pia kwamba bweha wa rangi ya dhahabu wa Afrika, aonekanaye hata Serengeti, yu karibu na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na bweha wa Asia afananaye naye. Wasemaji wangali wakimwita bweha.