Jua Linapotua Mvita, Itazame Kisauni

Jahazi linang'oa nanga Nyali jua likiwa limeshainamia kisiwa cha Mombasa, yaani Mvita. Mabaharia wanavuta henza, foromali inapanda mlingotini kidogo kidogo, na abiria wanajaa upande mmoja na simu zao mkononi. Huwezi kuwalaumu. Magharibi ndiko uliko Mji wa Kale, na mwongozaji ana mengi ya kuwaonyesha huko: roshani za mbao, minara ya misikiti, Bandari ya Kale, kisha Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Atasimulia jinsi Waomani walivyoizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na jinsi Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyokuja kuiokoa, ilivyozama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Ni kisa kizuri na kinastahili kusimuliwa. Kinachonisikitisha ni kwamba jua likishuka nyuma ya ngome, mwanga wake wa mwisho unaipiga pwani ya Kisauni, ng'ambo, na huko hakuna anayeonyeshwa kitu.

Maji haya yenyewe hayakuwa ya matembezi. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi na tende na mazulia. Kusi ikianza, yakarudi yamesheheni boriti za mikoko. Mambo yaligeuka reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896. Shughuli zikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, kwenye kina kirefu, na gati za meli kubwa zilipojengwa huko katika miaka ya 1920, Bandari ya Kale ikaachiwa vyombo vidogo. Ndiyo sababu leo jahazi linapata nafasi ya kubeba watu waliokuja kula kamba na kutazama machweo.

Sasa geuka, uipe ngome mgongo. Nyuma ya majumba ya Mkomani, upande huo wa ng'ambo, kuna kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, walihamia Mombasa Mei 1844. Julai, Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na kichanga naye akafa. Wakazikwa bara, si kisiwani. Krapf, aliyekuwa mgonjwa vilevile, hakuondoka. Mwaka 1846 alikwenda Rabai na mwenzake Rebmann, na miaka ya kazi yake katika lugha yetu ilizaa kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kila anayefungua kamusi ya Kiswahili leo ana deni dogo kwa pwani ile.

Lakini kisa kikubwa zaidi cha Kisauni ni Frere Town. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja na serikali ya Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash, na mwaka huo huo mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini ukatiwa saini. Hapo likazuka jambo ambalo mkataba haukulijibu: watu wanaotolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa waende wapi? Wengi walikuwa watoto, makwao ni Ziwa Nyasa na kwingineko mbali, na hawakuwa na njia ya kurudi. Chama cha wamisionari cha CMS kilinunua ardhi Kisauni na mwaka 1875 manowari za Kiingereza zikaanza kuwashusha hapo, mahali palipokuja kuitwa Frere Town. Waliowapokea ni pamoja na Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani, wakapelekwa India na kusomeshwa Nasik, kisha wakarejeshwa. Watu waliwaita Wabombay. Wao ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani, na bila wao wazungu wachache wa misheni wasingeliweza lolote.

Maisha hayakuwa salama. Utumwa wenyewe ulibaki halali pwani hii hadi mwaka 1907, na watoro kutoka mashamba ya jirani walikimbilia misheni, jambo lililowakasirisha mabwana zao. Kengele ikatungikwa ili kutoa tahadhari wakija wavamizi. Ipo mpaka leo kwenye mnara wake mdogo wa mawe, kando ya barabara ya Malindi, matatu zinapita karibu yake kutwa na makondakta wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" kuwashusha abiria. Wapo wanaoshuka hapo kila siku, wakaelekea soko la Kongowea, wala hawajawahi kuambiwa kengele ile ililizwa kwa ajili ya nani.

Aliyeliandika jambo hili kutoka ndani ni James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934, kwa Kiswahili. Wako wanaomlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo alipata masimulizi kwa wazee waliokuwa wamefungwa minyororo wao wenyewe, na sijui ngome gani inaweza kushindana na hilo.

Bara ya kusini nayo ina yake. Daraja la kuelea liliiunganisha Nyali na kisiwa tangu 1931, likafuatwa na lile la saruji mwaka 1980, ila Likoni, huko kusini, imeendelea kutegemea feri tangu 1937. Anayetaka machweo ya watu wa Mombasa apande feri hiyo jioni, ni bure kwa waendao kwa miguu, asimame katikati ya makuli, askari wa zamu na akina mama wenye vikapu, jua likitua nyuma ya winchi za Kilindini. Upande huo huo ndiko Mtongwe, ambako tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka karibu na gati na watu 272 wakafa. Mwongozaji anayejua kwa moyo tarehe za mizinga ya Wareno anaweza kuijua na hii. Waliofiwa bado wapo, na wanaweza kuulizwa.