Paa la udongo la tembe

Richard Burton alipopita Ugogo mwaka 1857 alizikuta tembe: paa bapa la miti, majani na udongo mzito. Mchana ndani palikuwa na ubaridi, na juu walianika mtama. Mvua ikianza, udongo ulifyonza manyunyu ya kwanza na nyasi zikaota. Miaka ya karibuni mji wa Hamburg, Ujerumani, umetoa ruzuku (kama yetu ya mbolea!) kwa wanaoweka udongo na mimea juu ya paa.

Kwetu, vijiji vya miaka ya 1970 viliziacha tembe nyingi nyuma. Zilikula miti mingi, sikatai, na zilivuja. Ila bati linachoma, na maji yake yanachimba uwanja. Ukiezeka bati, weka gata na tanki, panda miti upande wa magharibi.