Mvua Ilikuwa Ngapi? Kutoka Ruzizi ya 1858 Hadi Chupa ya Mtoto wa Shule Uvira

Uvira, Kivu ya Kusini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wengi wetu tuliamshwa na kelele. Mto Mulongwe na mito mingine inayoteremka kutoka milimani ilitoka njia yake ikapita katikati ya nyumba. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, mitambo ya Regideso ikaharibika na mji mzima ukakosa maji safi huku maji yakiwa yamejaa kila mahali.

Asubuhi nilizunguka na kinasa sauti. Kila mama na kila mzee niliyemuuliza alinijibu jambo moja: mvua ilikuwa nyingi sana. Nilipofika studio, aliyekuwa akisimamia taarifa ya habari aliniuliza, "Nyingi kiasi gani?" Nilikuwa na sauti za watu kumi na mbili, namba sikuwa nayo hata moja. Nikasoma "nyingi sana" hewani, na mpaka leo ninaona aibu.

Swali lile si geni katika pwani yetu. Watu wamekuwa wakiulizana habari za maji haya kwa zaidi ya miaka 160, na mara nyingi mwenyeji alikuwa na jibu ambalo hakuna aliyeliandika vizuri.

Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kuwa mto Nile. Wana wa mwami wa hapa waliwaambia waziwazi: Ruzizi unaingia ziwani. Wageni wale hawakufika mdomoni mwa mto, wakageuza. Huko Ulaya wataalamu wakaendelea kubishana miaka 13, kana kwamba vijana wa Uvira hawajasema kitu. Ilibidi Livingstone na Stanley waje kwa mtumbwi, Novemba 1871, waingie mdomoni na kuona mkondo unawajia usoni. Jani moja likitupwa juu ya maji lingemaliza ubishi ule.

Kisha likaja swali la kimo cha ziwa. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, miti aliyoiacha nchi kavu miaka mitano nyuma aliikuta imesimama majini. Ziwa lilikuwa linapanda kwa sababu Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Tanganyika kupeleka Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu na mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, na katika miaka isiyotimia 20 ziwa likashuka kwa kadiri ya mita 10. Mmisionari mmoja, Edward Hore, aliweka kipimo cha maji pale Ujiji akawa anafuata kushuka huko. Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu: alama inayokaa mahali pamoja, na mtu anayerudi kuitazama.

Jamaa zetu waliohama Kilomoni na mitaa ya ufukweni mwaka 2024 nyumba zao zilipoingiwa na maji, wengi waliniambia hawajaona kitu kama kile tangu wazaliwe. Ni kweli kwa umri wao. Lakini vitabu vya vipimo vinaonyesha kwamba mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya sitini, ziwa lilifika karibu mita 777 juu ya bahari, na mwaka 2024 likarudi kwenye kimo hichohicho. Katika karne ya 19 lilipita hata mita 780. Aliyetugawia viwanja vya ufukweni angeweza kufungua kitabu hicho kwanza. Nasema hivyo tu, niendelee.

Hapa mjini kituo cha watafiti wa taasisi ya IRSAC kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndicho tunachokijua leo kwa jina la CRH, kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake. Baada ya uhuru wa 1960, vituo vingi vya kupima hali ya hewa nchini vilikufa kimoja kimoja. Mishahara ilikatika, vita vikaja, madaftari yakapotea. Pengo hilo lina hasara. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, na kwamba jambo hilo linapunguza chakula cha samaki. Walijuaje? Walilinganisha vipimo vyao na vile vya mwaka 1913. Mtu alishusha kipimajoto kwa kamba, akaandika alichosoma. Miaka 90 baadaye namba yake ikajibu swali ambalo yeye hakuwahi kuulizwa.

Ndiyo maana nilifurahi nilipoalikwa na mwalimu mmoja, naye amehama na familia yake, kuangalia watoto wakipima mvua katika uwanja wanapoishi familia zilizohama. Hana maabara. Ana chupa za maji za plastiki, zile zilizonyooka ubavu.

Watoto wanakata sehemu ya juu ya chupa, wanaigeuza na kuiingiza ndani kama kifuniko cha kumiminia, ili jua lisinywe maji upesi. Chini wanatia changarawe, wanamimina maji kidogo hadi yafunike changarawe, na hapo wanachora mstari wa 0. Rula, ile tunayoiita late, inafungwa ubavuni ikianzia mstari huo. Chupa yenye kiuno haifai: ikiwa mdomo na ubavu havina upana mmoja, milimita zinadanganya. Kisha chupa inachimbiwa kidogo mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa mbili asubuhi wanasoma, wanaandika, wanamwaga na kurudisha maji kwenye mstari. Maji hayo hayanywewi, na mikono inanawiwa. Uvira tunaijua kolera.

Hesabu ndiyo iliyonikamata. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni litri 1. Mwalimu aliwapeleka watoto wapime paa la nyumba ya jirani: mita 4 kwa 6. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake, zinateremka litri 1,200, yaani bidoni 60 za litri 20. Mvulana mmoja akauliza, "Na mlima mzima?" Mwalimu akachukua kipande cha kilomita mraba 10 tu. Ni litri milioni 500. Watoto walinyamaza, wakatazama milima. Mito yetu ni mifupi na miteremko ni mikali. Sehemu inayokosa kuzama ardhini inatufikia haraka, hata kama mjini halijadondoka tone.

Kwa sababu hiyo chupa ya mjini peke yake haitoshi. Shule za juu milimani zingekuwa na zao, na mwalimu wa kule akapiga simu, redio ingekuwa na kitu cha kusema usiku kabla ya maji kufika. Kwingine Afrika, mradi wa TAHMO umeweka mitambo ya hali ya hewa katika viwanja vya shule, Kenya ikiwemo, na wanafunzi wanaitumia masomoni.

Mwalimu anakataza jambo moja kwa ukali: hakuna mtoto kwenda kupima mto uliojaa. Na radi ikipiga, wanahesabu sekunde hadi ngurumo na kugawa kwa 3 kupata kilomita. Zikipungua 30, wote ndani.

Kabla sijaondoka, msichana wa darasa la tano alinionyesha daftari lake. Siku nyingi zilikuwa na 0. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua kuandika siku ambazo haikunyesha.

"Nikiacha wazi, mtu atafikiri sikuangalia."

Usiku ule ilinyesha. Nilirudi asubuhi, akanipa rula nisome mwenyewe: 23. Nikaisoma hewani katika taarifa ya saa sita.